Tiyo ya Shaba kwa Mtambo wa Yaya

Mwanzoni mwa kiangazi kimoja, miaka ile nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, dada yangu alianza kuangusha vitu. Kwanza ilikuwa kikombe, kisha sufuria ya bukari, yaani ugali, kisha ndoo nzima ya maji mbele ya mlango wake, na watu wakacheka kidogo kwa sababu yeye mwenyewe alicheka.

Kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya, awe mwanamume au mwanamke. Yeye aliniita mudogo, hata nilipokuwa baba wa watoto na fundi wa mabomba katika karakana ya reli hapa Kamina. Tulibaki wawili tu kwa mama yetu. Mume wa yaya alikuwa dereva wa lori. Alibeba mahindi na samaki wakavu kutoka upande wa Malemba-Nkulu mpaka injini ilipomfia njiani. Lori likakokotwa hadi uani kwake, na mwaka uliofuata homa ikamchukua na yeye. Alimwachia yaya binti mmoja na lile lori bovu.

Yaya akaanza kupika lutuku. Wengine waliiita pombe ya wezi, lakini nusu ya mtaa iliishi kwa kuipika na nusu nyingine kwa kuinywa. Alichanganya unga wa mihogo na mahindi yaliyoota, akauacha uchachuke ndani ya pipa, kisha akalitia pipa moto wa makaa. Mvuke ulipanda, ukaingia katika bomba, bomba likapita ndani ya maji baridi, na upande wa pili lutuku ikadondoka ndani ya chupa tone baada ya tone. Kwa pombe hiyo binti yake alisoma shule ya ualimu kule Lubumbashi. Mimi nilikuwa nimepelekwa Luena kutengeneza mabomba ya matangi ya maji, na niliporudi, mtambo wake ulikuwa umeshafanya kazi miaka.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, nilimpitia tukitoka misa. Alinipakulia chakula, na nikaona anashika mwiko kwa mikono miwili kama mtu anayeshika shoka.

"Yaya, nyoosha mikono."

"Sababu ya nini?"

"Nyoosha tu, nione."

Akainyoosha mbele yake. Mikono ilisimama, lakini viganja vikaning'inia. Alijaribu kuviinua, mishipa ya shingo ikamtoka kwa kujikaza, na viganja vikabaki vilevile.

"Minyi siko mugonjwa, mudogo. Ni baridi ya kiangazi njo inaingia mu mifupa."

"Na tumbo?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Tumbo iko inanikamata tangu Pasaka. Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilipokuwa kijana karakanani, kulikuwa na mzee aliyeyeyusha risasi kila siku, ile metali laini ya kijivu, kwa ajili ya vyuma vya mabehewa. Mikono yake iliishia kuning'inia hivyohivyo, naye alijikunja kwa tumbo mpaka tukamzika. Niliacha chakula, nikaenda nyuma ya nyumba kuutazama mtambo.

Bomba la kupozea lilikuwa limetolewa katika lori la shemeji. Yaya alikuwa amechukua radiateri, lile sanduku la mbele linalopoza maji ya injini, akalizamisha katika nusu ya pipa la maji. Fundi mmoja wa barabarani alimlehemia midomo ya kuingilia na kutokea. Kwa macho lilikuwa jambo la akili sana: radiateri ina vijibomba vingi, inapoza haraka, na haikumgharimu kitu. Lakini vijibomba vile vimeunganishwa kwa risasi kila mahali, na ile midomo ilikuwa imejazwa risasi kama uji. Lutuku ya moto, yenye uchachu, ilipita juu ya risasi hiyo siku zote. Nilikwaruza kwa kisu nikaona inavyong'aa, na pembeni imeliwa mashimomashimo.

Kesho yake nilimpeleka dispansari. Muuguzi, mtu mpole aliyekuwa na haraka, alimfungua mdomo, akatuonyesha mstari wa bluu kwenye ufizi, alama ya sumu ya risasi. Akasema dawa ya jambo hilo hana, na hata Lubumbashi hajui kama ipo. Mama aache kile kitu mara moja, anywe maziwa akiyapata, apumzike.

Njiani, tulipovuka reli, yaya aliniangalia.

"Kila siku naonja," akasema. "Mupishi lazima aonje. Asubuhi natoa kikombe ya kwanza, naonja kama iko kali."

"Najua, yaya."

"Na bale bantu?"

"Bantu gani?"

"Bale banakunywa. Banakunywa ya kwangu."

Nilimwambia kwamba wale wateja wake hunywa huku na kule, leo kwake, kesho kwa jirani, lakini yeye alionja kila siku na kuvuta ule mvuke. Nilisema kweli, ila haikumsaidia. Alipofika nyumbani aliniambia nimwage chupa zote. Nilizimwaga kando ya choo, na yeye akasimama akitazama mpaka ya mwisho, mikono yake ikiwa imefungwa ndani ya kitenge.

Kisha akatoka kwenda kuwaambia wateja wake. Nilimsihi atume mtu, akakataa. Nilifuatana naye siku hiyo na siku zilizofuata, kila nilipotoka kazini. Alibisha mlango kwa kiwiko. Alisema maneno yaleyale kwa kila mmoja: "Ile lutuku yangu ilikuwa mubaya. Kama umebakia nayo, mwaga. Kama tumbo iko inakuuma, enda dispansari. Unisamehe." Wengine walidhani amelewa. Mpagazi mmoja wa stesheni alimshika bega akalia, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa likimsumbua na alifikiri amerogwa na mke wa kaka yake. Mwanamke mmoja alimtukana mbele ya watu, akamwita mchawi, na yaya akasimama palepale akapokea matusi yote mpaka yalipokwisha. Alimwendea hata jandarme, askari aliyekuwa akija kwake kuchukua chupa za bure ili asimfunge kwa kupika pombe iliyokatazwa. Yule alimsikiliza, akavua kofia. "Mama," akasema, "weye njo muntu wa kwanza kunipa kintu ya bure na kurudia kuniambia iko sumu."

Ndilo jambo pekee lililomchekesha wiki ile.

Nilifikiri ataacha kupika kabisa. Lakini mshahara wangu wa reli ulikuwa ukija unapotaka wenyewe, na binti alikuwa amebakiza mwaka wa mwisho. Yaya alilipigia hesabu jambo hilo kichwani, kisha akaniita.

"Weye njo fundi ya tiyo. Nitafutie tiyo yenye haiue muntu." Tiyo kwetu ni bomba.

Kabla ya hapo ilibidi ile radiateri ing'olewe. Nilipoanza kufungua nyaya alizoifungia, aliniomba ningoje. Akakaa chini karibu na nusu ya pipa. Vitu vyote vya mumewe vilikuwa vimekwisha: nguo zilichukuliwa na ukoo wake, magurudumu yaliuzwa, viti vya lori viliibwa. "Nilifurahi sana siku nilipoitoa mu lori," akasema. "Nilisema, mwanaume yangu iko anatusaidia tena." Nikangoja mpaka alipoinuka mwenyewe. Niliifukia radiateri mbali na kisima, ndani sana, asije mwingine akaiokota.

Sasa ilinibidi kutafuta. Watu huko mbali hufikiri kwamba Katanga, kwa vile shaba inatoka kwetu, mtu anaokota bomba la shaba njiani. Shaba yetu ilipita Kamina kwenye mabehewa, ikienda zake, sisi tukiihesabu kwa macho. Karakanani tulikuwa na mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Hayo sikuyataka: uchachu hula zinki, kisha chuma kinashika kutu, na kinywaji kinatoka na ladha ya misumari. Jirani alinipa mpira mrefu wa bustani. Mpira ukipata mvuke unalainika na kunuka, na harufu yake haitoki tena. Kijana wa gereji alinionyesha vijibomba vya breki. Vilikuwa vyembamba mno. Mvuke ukikosa njia, unasukuma mfuniko wa pipa, na nilikuwa nimeshaona mama mmoja aliyeunguzwa uso namna hiyo. Bomba nililolitaka lilikuwa la shaba tupu, unene wa kidole gumba, refu la kutosha kuzunguka ndani ya pipa mara kadhaa, lisilo na kiungo hata kimoja ndani ya maji.

Mtu akatuambia kuna mke wa mwanajeshi kule base, yaani kambi ya jeshi, anayeuza vitu vya chumba cha barafu pamoja na mabomba yake. Base iko mbali na mji. Tulipanda lori la jeshi lililorudisha wake wa wanajeshi kutoka sokoni, yaya akakaa katikati ya vikapu, nami nikamshika mkono wakati wa mashimo kwa sababu hakuweza kushika chuma.

Mama huyo alitoka mkoa wa Équateur. Mumewe alikuwa amepelekwa vitani upande mwingine wa nchi, na kwa muda mrefu hakukuwa na habari yake. Hakuandikwa kuwa amekufa, hivyo mama hakuwa mjane, na mshahara pia haukuja. Aliishi katika nyumba kubwa ya zamani iliyokuwa na jiko la maofisa, na alikuwa akiibomoa kidogokidogo na kuiuza ili ale. Alizungumza Lingala, na Kiswahili cha kubahatisha. Yaya alijua Kiluba na Kiswahili chetu. Waliangaliana, kila mmoja akaona mwenzake amekonda.

Alituletea kwanza bomba lililokwisha kukunjwa duara kwa duara, limesuguliwa linang'aa kama la kanisani. Yaya alitabasamu. Mimi nikatoa sumaku niliyokuwa nayo mfukoni nikaigusisha, ikashika: lilikuwa chuma kilichopakwa shaba. Kulikuwa na lingine, la shaba kweli, nalo lilikuwa limeungwa sehemu tatu. Nilikwaruza viungo kwa kisu, nikaona rangi ya kijivu.

"Hapana."

"Oyo ya kitoko, oboyi?" yule mama akauliza. Alikuwa anashangaa nakataa kitu kizuri namna ile.

Ikabidi nimweleze. Sikujua maneno ya Lingala, nikachukua mikono ya yaya nikaiweka mbele yake, kisha nikaonyesha kile kiungo cha kijivu. Yule mama aliishika ile mikono. Aliigeuza, akainua viganja kwa viganja vyake, akaviachia vikaanguka. Akaviinua tena, taratibu. Aliingia ndani, akakaa sana, akarudi na mzingo wa bomba jeusi, chafu, lililobonyea upande mmoja. Sumaku haikushika. Nilikwaruza, na shaba nyekundu ikatokea. Nilizunguka nalo kwa vidole kutoka ncha hadi ncha nikitafuta kiungo, sikupata. Nikapuliza, likatoa pumzi yangu upande wa pili pamoja na harufu ya mafuta ya mashine.

"Hii," nikasema.

Alikuwa pia na rakori mbili za shaba ya njano, zile nati za kuunganishia mabomba, zenye kipete cha ndani kinachobana bila risasi wala moto. Nilizichagua katika kopo lililojaa takataka, kwa sababu moja ingeshika mfuniko wa pipa na ya pili ingeshika mahali bomba linapotokea chini ya maji. Huko chini ndiko watu wote huweka risasi.

Tulipouliza bei, mama yule aliangalia noti za yaya akatikisa kichwa. Siku zile noti zilipoteza nguvu kabla hujafika nazo sokoni. Akasema kwa Kiswahili chake: "Mama afundisha miye. Miye napika, mama anasema."

Yaya akanitazama. "Anasema aje?"

"Anataka umufundishe kupika. Njo bei yake."

"Aone mikono yangu na bado anataka nimufundishe?"

"Yaya, njo sababu ya ile mikono. Yeye iko nayo mizima."

Yaya akakubali kwa kichwa.

Nilifanya kazi ile uani kwake, kiangazi kikiwa kinakwisha na moshi wa nyasi zilizochomwa umefunika kila kitu. Nililipasha bomba moto mpaka likawa jekundu, nikalimwagia maji ili lilainike. Nililijaza mchanga mkavu, nikaziba ncha kwa vijiti, maana bomba tupu ukilikunja linabonyea na kufunga njia. Kisha nikalizungusha kwenye gogo, pole kwa pole, nikihakikisha kila mzunguko unashuka kuliko uliotangulia. Mahali pakipanda hata kidogo, kinywaji kinakaa pale na mvuke unakwama nyuma yake. Yaya alikaa kwenye kiti kifupi akinitazama.

"Mama yetu angekuona," akasema. "Alisema weye hautajua kazi yoyote."

Mafuta ya mashine yaliyobaki ndani ya bomba yalinisumbua. Niliosha bomba kwa maji ya moto na majivu mara nyingi, nikapitisha siki, nikaosha tena. Pishi la kwanza lote tulilimwaga, na la pili vilevile. Mama wa base alisikitika kuona pombe inamwagwa, lakini yaya hakulegea. La tatu lilitoka jeupe kama maji, halina harufu ila yake yenyewe. Nilipeleka kikombe kwa yaya akageuza uso.

"Minyi nimeonja ya kutosha. Onja weye."

Nikaonja. Ilikuwa safi. Nilimwambia ni safi, na machozi yakamtoka, akashindwa kuyapangusa. Yule mama wa Équateur aliyapangusa kwa ncha ya kitenge chake, kisha akarudi kuchochea makaa kama hakuna kilichotokea.

Tangu hapo mama yule alikuja kila lori lilipokuja. Yaya alimfundisha kwa maneno na kwa kidevu: pale, ongeza, punguza, ngoja. Alimfundisha kumwaga kikombe cha kwanza, chenye ukali mbaya, asimpe mtu, na kubadilisha maji ya pipa yanapopata moto, akimimina ya baridi chini, si juu. Mmoja alijua Kiswahili zaidi kila juma, mwingine akaanza kusema "malamu" kila jambo lilipoenda vizuri. Mara nyingi niliwakuta wameketi pamoja, yule mama akimlisha yaya bukari kwa mkono wake, tonge kwa tonge, wote wawili wakitazama moto.

Nilitumaini mikono itarudi. Kuna asubuhi moja yaya alinyanyua kidole cha shahada, kidogo tu, akatuita wote tuone. Lakini mvua zilipoanza tumbo lilimkamata upya, akaacha kula, kisha akaanza kusahau. Alimuulizia mumewe kama amerudi na lori. Mara akamwita mama wa base kwa jina la mama yetu. Muuguzi alikuja nyumbani, akakaa naye, akaniambia nje kwamba kilichoingia mwilini kimeshaingia mifupani, na hatukukiona mapema.

Alikufa mchana, mvua ikipiga bati hata hatukusikia pumzi ya mwisho. Tulitambua tu kwa sababu mama wa base, aliyekuwa amemshika viganja, alianza kuimba kwa Lingala polepole.

Nilimtumia binti habari kwa watu wa reli. Treni yake ilikwama Luena kwa kukosa mafuta, na kwa joto lile tusingeweza kungoja. Alifika tumeshazika. Alishuka na sanduku lake la shule, akaona nywele zangu zimenyolewa kwa msiba, akakaa chini palepale kwenye mawe ya stesheni. Wapagazi wakasimama kumzunguka. Yule aliyewahi kulia begani mwa yaya alichukua sanduku, akalibeba mpaka nyumbani, akakataa kulipwa.

Matanga yalipokwisha, mama wa base alimwita binti nyuma ya nyumba, akamwonyesha mtambo, akamwambia ni wake, kwamba yeye yuko tayari kumfundisha yote aliyofundishwa. Binti akaligusa bomba kwa kidole.

"Tantine, chukua," akasema, akimwita shangazi kwa Kifaransa. "Minyi siwezi kuipika. Kila tone nitamuona mama."

Mama wa base akaubeba. Nami nilimsaidia kulifungua bomba na kulifunga ndani ya gunia lisije likabonyea njiani.

Binti alirudi Lubumbashi akamaliza mwaka wake. Nilidhani nitahangaika peke yangu kumtumia cha kula, lakini kila mara kondakta wa treni alipita kwangu kuniambia kuna mama mmoja wa base amempa kifurushi cha mtoto: sabuni, samaki, wakati mwingine kitenge. Hakuniambia kamwe mwenyewe. Tulipokutana sokoni tulizungumza habari za mvua.

Kisha kikosi cha base kikahamishwa, na familia zote pamoja nacho. Mama wa base alikuja kuniaga, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kabisa, cha Kamina, mtu asingejua kwamba si wa hapa. Nilimuuliza habari za mumewe. Alisema hakuna. Alikwenda kaburini peke yake, nami nikamngojea barabarani, na aliporudi tulitembea pamoja mpaka mahali malori yalipokuwa yakipakia watu. Sikumwona tena. Binti wa yaya anafundisha shule ya msingi, na mtoto wake wa kwanza, msichana, alimpa jina la mama huyo. Kwa hiyo katika ukoo wetu wa Waluba sasa kuna jina la Équateur, na wageni wakituuliza limetoka wapi, kila mmoja wetu hungoja mwingine aanze kueleza habari za yaya na ile tiyo ya shaba.